Jina, Sura na Tendo: Historia ya Kuwataja Wadudu wa Unguja kwa Picha

Si zamani sana tuliletewa rasimu ya kijitabu cha wakulima ili tuutazame usahihi wa Kiswahili chake. Katika ukurasa mmoja palikuwa na picha nzuri ya chungu wekundu waliokuwa wakiyavuta majani ya mti na kuyashona pamoja yawe kiota. Chini ya picha paliandikwa kwamba hao ni wadudu waharibifu wa minazi. Sarufi ya maneno hayo haikuwa na ila yoyote. Lakini mtu aliyepata kukwea mnazi wa Unguja angewatambua mara moja kuwa ni maji moto, na angejua pia kwamba mkulima atakayekitii kijitabu hicho, akawanyunyizia dawa, atakuwa amewaua walinzi wake na kumwachia adui mlango wazi.

Kosa hilo lilisahihishwa kabla kijitabu hakijapigwa chapa. Hata hivyo lilituacha na swali ambalo twaona linawahusu wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kwa jumla. Mtu akipewa picha ya mdudu na kutakiwa aandike jina lake kwa Kiswahili, hasa anatakiwa afanye nini? Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kuipitia historia ya jambo lenyewe kisiwani Unguja. Lahaja ya mji wa Unguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na wadudu wa kisiwa hicho wamechunguzwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 100. Basi majina ya wenyeji na majina ya elimu yamekutana hapo kwa muda mrefu. Hoja yetu ni moja tu. Majina mengi ya wadudu katika Kiswahili ni majina ya matendo, hali picha huonyesha sura, wala haionyeshi tendo. Asiyeliona pengo hilo ataandika jina lisilo la mdudu aliye mbele yake.

Majina ya tendo

Wazee waliotuachia lugha hawakuwaita wadudu kwa kuhesabu miguu yao wala kwa kupima mbawa zao. Aghalabu waliwaita kwa yale waliyoyaona wakiyafanya. Kipepeo hupepea. Kimulimuli humulika. Chonga, yule mbawakawa mwenye pembe ambaye hutoboa kilele cha mnazi, huuchonga mti. Maji moto akikuuma utadhani umemwagiwa maji yaliyochemka. Vunjajungu amepewa jina kwa ile imani ya kwamba amgusaye hatakosa kuvunja chombo. Mchwa na kumbikumbi wana majina mawili, ingawa kwa mtaalamu ni mdudu mmoja katika hali mbili: mmoja yumo udongoni akitafuna, mwingine ameota mbawa na kutoka baada ya mvua, akaizunguka taa.

Majina ya namna hii yana faida kubwa, kwani humpa mtu onyo au manufaa pamoja na jina. Lakini mipaka yake haifuati mipaka ya elimu ya viumbe. Neno kipepeo, katika vinywa vya wengi, huwachukua pamoja warukao mchana na warukao usiku. Nondo, katika mazungumzo ya kawaida, ni yule mdudu mdogo aharibuye nguo sandukuni, ijapokuwa walaji hasa wa nguo ni viwavi wake, si yeye mwenyewe aliyekwisha kuota mbawa. Waandishi wa elimu ya viumbe wamelipanua neno hilo lichukue jamaa wote wa kipepeo warukao usiku, nao ni wengi kuliko vipepeo wa mchana, na walio wengi kabisa hawajapata kugusa nguo ya mtu. Tena, katika duka la vifaa vya ujenzi, nondo ni vyuma vya kutilia nguvu zege. Mfasiri anayelitumia neno hilo hana budi kukumbuka kwamba wasomaji wake wana nondo watatu vichwani mwao.

Majina ya watu

Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wageni waliofika Zanzibar walikusanya wanyama, ndege, mimea na wadudu, wakavipeleka Ulaya vipewe majina ya Kilatini. Desturi yao katika kutaja ilikuwa nyingine, kwani mara nyingi jina lilitolewa ili kumheshimu mtu. W. Mansfield-Aders alikuwa mtaalamu wa viumbe katika serikali ya Zanzibar, na mwaka 1920 alichapisha maelezo juu ya wadudu waharibuo mazao ya visiwa hivi. Jina lake limebaki kwa mnyama: paa nunga wa misitu ya Unguja ameitwa Cephalophus adersi vitabuni tangu mwaka 1918. Ndorobo wa Unguja naye aliitwa Glossina austeni mwaka 1912, kwa heshima ya Austen, mtaalamu wa nzi katika makumbusho ya London.

Jina kama hilo halisemi lolote juu ya sura ya kiumbe wala juu ya tendo lake. Nguvu yake iko mahali pengine. Kila jina la Kilatini limefungwa kwa kielelezo, yaani mdudu mmoja halisi aliyekaushwa, akachomwa pini na kuhifadhiwa, ili mwenye shaka aende kumtazama. Ukilitilia shaka jina, waweza kulirudisha kwa mwenyewe. Zanzibar nayo ilipata nyumba ya vielelezo mwaka 1925, ilipofunguliwa Beit el Amani pale Mnazi Mmoja, nje kidogo ya Mji Mkongwe. Kwa njia hii wakazi wa mji waliweza kuona viumbe vikiwa vimewekwa pamoja na maandishi yake, jina kando ya mwili.

Picha yaingia

Upigaji picha ulikuwa umekwisha kuzoeleka Mji Mkongwe kabla ya hapo. A. C. Gomes alikuwa na studio yake katika karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio, ambayo vizazi vya watu wa Unguja vimepigiwa picha humo. Watumishi wa serikali wanaijua vema kanuni ya kazi hiyo. Picha ya pasipoti haipokelewi ikiwa mtu ametazama kando au amefunika paji la uso, kwa sababu picha ya kumtambua mtu si sawa na picha ya kumpendeza. Mdudu naye ana haki ya picha ya pasipoti: ya juu, ya ubavuni, ya usoni na ya tumboni, pamoja na kipimo cha urefu wake. Picha nyingi zinazoletwa kwa wafasiri hazina hata moja ya masharti hayo, kwani zilipigwa kwa ajili ya kupendeza.

Kuna na jambo jingine linalowapotosha wengi. Vitabu vya zamani humwonyesha nondo aliyekufa, ametandazwa mbawa zote nne. Nondo hai aliyetua ukutani chini ya taa ya baraza huzifunika mbawa zake za nyuma kwa zile za mbele, na mara nyingi rangi za kumtambulisha zimo katika hizo zilizofichwa. Mtu mwenye kitabu mkono mmoja na picha mkono wa pili aweza kuwa anamtazama mdudu yule yule, asijue. Wako pia nondo ambao hata wataalamu hawawezi kuwapambanua kwa mbawa. Hulazimika kuvichunguza viungo vya uzazi kwa hadubini. Picha ya nondo wa namna hiyo, hata ikiwa safi kama kioo, haina jibu ndani yake, na mfasiri asilitafute.

Kisa cha minazi

Historia ya minazi ya Unguja yatuonyesha jinsi sura inavyoweza kumdanganya hata bingwa. Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya tunda la mnazi kwa kadiri linavyokua: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Hasara ya wakulima ilianzia kwenye hatua za mwanzo, kwani vidaka vilikuwa vikidondoka, na matunda yaliyosalia yalikuwa na makovu yaliyotoka utomvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, M. J. Way, aliyefanya utafiti Zanzibar, alionyesha kwamba chanzo chake ni mdudu mwenye mdomo wa kufyonza, wa oda moja na kunguni. Katika maandishi yake ya mwaka 1953 mdudu huyo aliwekwa katika jenasi ya Theraptus, kwa kuwa alifanana nayo. Mwaka 1955 E. S. Brown alimchunguza upya, akaona kwamba hayumo katika jenasi hiyo, akamfanyia jenasi mpya na kumwita Pseudotheraptus wayi. Maana yake ni Theraptus bandia wa Way. Kwa hiyo jina lenyewe linahifadhi kumbukumbu ya sura iliyodanganya.

Way alieleza pia habari za chungu. Mahali walipotawala maji moto, ambao kwa Kilatini ni Oecophylla longinoda, mdudu yule hakustawi, na minazi ilizaa. Mahali walipotawala chungu wengine waishio ardhini, maji moto walifukuzwa, na minazi ikapata hasara. Miongoni mwa hao wafukuzaji yumo Pheidole megacephala, jina ambalo maana yake ni mwenye kichwa kikubwa. Hapa pia picha ina mtego. Katika kundi la chungu hao ni askari tu walio na vichwa vikubwa. Vibarua wao, ambao ndio wengi, wana vichwa vya kadiri. Ukimpiga picha kibarua mmoja na kumtafuta kichwa kikubwa, hutakiona, nawe utasema siye.

Kwa mfasiri, swali gumu lilikuwa kumpatia Theraptus bandia jina la Kiswahili. Kumwita kunguni wa minazi ni sawa kwa elimu, kwani ni wa oda moja na kunguni wa kitandani. Lakini msomaji wa kawaida akisikia kunguni hufikiri damu na godoro, wala hafikiri utomvu wa kidaka. Maneno yale mawili, wa minazi, ndiyo yanayoliokoa jina, kwa kuwa yanarudisha mahali na tendo. Tukiyaacha ili kufupisha maandishi chini ya picha, twaiharibu kazi yote.

Kisa cha ndorobo

Unguja ilikuwa na ndorobo wa namna moja tu, yule Glossina austeni, naye aliwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Mwaka 1994 ilianza kazi ya kuwamwaga kwa ndege madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, kwa ushirikiano wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya nguvu za atomu. Madume zaidi ya milioni 8 walimwagwa. Ndorobo mwitu wa mwisho alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 ilitangazwa kwamba kisiwa hakina ndorobo tena.

Katika kazi hiyo utambuzi ulikuwa na uzito wa pekee. Kila nzi aliyenaswa ilibidi ijulikane kama ni mwitu au ni mmoja wa waliomwagwa, na kwa sura wawili hao ni sawa kabisa. Wenye kazi waliwatia madume wao unga wa rangi kabla ya kuwaachilia, na ni rangi hiyo iliyowatambulisha. Kwa maneno mengine, waliongeza katika mwili wa nzi habari ambayo umbo lake halikuweza kuitoa.

Wafasiri wana somo lao hapa. Neno chafuo limetumika pwani kwa nzi waumao wa aina zaidi ya moja, na kamusi hulifasiri mara kwa nzi asumbuaye wanyama, mara kwa ndorobo. Mkulima aliye karibu na msitu wa Jozani akileta leo picha na kusema ng'ombe wake anaumwa na chafuo, mfasiri akaiandika taarifa kwa Kiingereza kwa jina la ndorobo, atakuwa ametangaza kwa neno moja kwamba kazi ya miaka mingi imeharibika. Kabla ya kuandika, na aitazame picha. Ndorobo akitua huikunja mbawa moja juu ya nyingine kama mapanga ya mkasi, mdomo wake huelekea mbele, na mishipa iliyo katikati ya kila ubawa huchora umbo la shoka. Ikiwa alama hizo hazionekani, na aliache neno chafuo kama lilivyosemwa, aeleze kwamba mkulima ndiye aliyelitamka.

Viwavi jeshi na simu ya mkononi

Mwaka 2016 iliripotiwa Afrika ya Magharibi kwamba ameingia kiwavi mgeni kutoka Amerika, Spodoptera frugiperda, na mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kufika Tanzania. Tulikuwa tukimjua jamaa yake, kiwavi jeshi wa siku zote, Spodoptera exempta. Mgeni alipewa jina la viwavi jeshi vamizi, na twaona ni istilahi iliyotungwa vizuri, kwa sababu imeshika undugu wa wadudu hao wawili na imesema kwa neno moja historia ya yule wa pili.

Kwa mara ya kwanza picha za simu zilikuwa njia kuu ya kuulizana. Rangi haikusaidia sana, kwani kiwavi jeshi wa zamani huwa wa kijani akiwa peke yake na huwa mweusi akiwa katika kundi. Kilichosaidia ni alama mbili za mgeni: mstari wa usoni mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne ya mraba katika pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili. Kiwavi aliyekomaa, akipigwa picha kwa karibu, hutambulika kwa alama hizo. Mama yake hatambuliki kwa urahisi: nondo dume ana baka jeupe kwenye ncha ya ubawa wa mbele, lakini jike ana mbawa za kijivu zisizo na alama ya kushika. Ikaundwa pia programu ya simu iitwayo Nuru, inayozungumza Kiswahili, ambayo hutazama jani la mhindi kwa kamera na kueleza kama limeliwa na kiwavi huyo. Wasomaji watambue kwamba programu hiyo hutazama jani lililoliwa. Waliojenga mashine wamerudi, kwa njia yao, kwenye desturi ya wazee wetu ya kumjua mdudu kwa tendo lake.

Kwa upande mwingine ziko tovuti kama iNaturalist, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008, ambapo mtu huweka picha ya mdudu na watu wa nchi nyingi hutoa maoni. Jina hupewa cheo cha kutumika katika utafiti wakiafikiana watoa maoni zaidi ya theluthi mbili. Utaratibu huo hautakuwa mgeni kwa yeyote aliyepata kuketi katika kamati ya istilahi. Nasi wanakamati twajua pia udhaifu wake, kwamba wengi waweza kuafikiana kwa sababu wamesomeana.

Tunayopendekeza

Kwanza, picha isipewe jina mpaka maswali ya tendo yamejibiwa. Mdudu alipatikana wapi, juu ya mmea gani, saa ngapi, alikuwa akifanya nini, na urefu wake ni kadiri gani? Mwenye picha aghalabu anayajua majibu hayo, ila hakuna aliyemwuliza.

Pili, tuwe na maneno maalumu ya viwango vya hakika, tuyatumie kwa namna moja katika vijitabu vyote. Tunapendekeza tuandike ni pale tu kielelezo au alama zisizo na shaka zinapothibitisha. Tuandike yamkini ni pale sura na tendo vinapoafikiana lakini uthibitisho haupo. Tuandike wa jenasi ya fulani au wa jamii ya fulani pale tunapoweza kufika hapo tu. Na tusione haya kuandika kwamba hatambuliki kwa picha hii. Mkulima hadhuriki kwa ungamo hilo kama anavyodhurika kwa jina la uongo.

Tatu, majina ya tendo yasitupwe kwa kuonekana si ya kitaalamu. Maji moto na chonga yabaki, na palipo na haja yaongezewe neno la sura au la mahali. Viungo vya kutambulia navyo vitajwe kwa maneno yale yale kila mara: vipapasio, mbawa za mbele, mbawa za nyuma, kifua, fumbatio. Walimu wa Kiswahili wakumbuke tu kwamba wenzao wa elimu ya viumbe hulitumia neno ngeli kwa daraja la uainishaji, ili mwanafunzi asije akatafuta upatanisho wa kisarufi kati ya mende na panzi.

Mwisho tunawaomba wasomaji wetu msaada. Majina ya wadudu yatumikayo Makunduchi, Nungwi na Tumbatu hayajulikani yote mjini. Atakayetuletea jina alilolisikia huko na atuletee pamoja nalo picha, ikiwezekana, na kwa vyovyote vile asikose kutueleza mdudu huyo hufanya nini. Yule aliyeiweka picha ya maji moto chini ya anwani ya waharibifu alikuwa na picha nzuri, na alikuwa na kamusi mezani. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba chungu wale, alipowaona wakiparamia vidaka, walikuwa kazini.